Bibi wa Macho Mekundu Kwenye Ubao Wangu

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa sanduku la mbao, miguu mitatu, na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Niliachiwa na mzee aliyepiga watu picha tangu Mjerumani yupo. Kitambaa chenyewe kilikuwa na tundu, mbuzi alikitafuna, lakini hayo ya mbuzi tuyaache.

Miaka ya sabini niliisimamisha mnadani, huku Kishapu, jirani na wauza ng'ombe. Picha nzuri nzuri nilizibandika ubaoni watu wazione: maharusi, kijana aliyerudi kutoka kuchimba dhahabu Geita na miwani myeusi, na mzee mmoja aliyekataa katakata kupigwa bila fahali wake.

Siku moja ya mnada akaja bibi mmoja mjane, akaketi kwenye kigoda changu. Watu wakasogea mbali. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee ni kesi. Kijijini kwake walishamwita mchawi. Aliyepiga kelele kuliko wote ni mtoto wa shemeji yake, aliyelitaka shamba lake la pamba: bibi ahame, la sivyo atahamishwa. Maana yake tuliijua. Vikongwe wengine walishakutwa ndani mwao wamekatwa mapanga.

Na mama yangu alikuwa na macho hayo hayo. Kuni kwetu hakuna, tunapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Ukae na moshi ule tangu usichana, macho yabaki meupe? Mbona wanaume hawana? Kwa sababu hawapiki!

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kisukuma.

"Marahaba. Nipige."

Muuza chumvi akanivuta shati. "We fundi, atakupasulia kioo huyo! Na nani atakaa tena kwenye hicho kigoda?"

"Kaa wewe, naona umechoka kusimama."

Nikajifunika kitambaa. "Mayu, tazama hapa kwenye kioo. Usipepese."

"Watu huniambia nitazame chini."

"Mimi nakuambia tazama."

Akatazama. Nikaiosha picha kwenye ndoo. Zama zile picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, basi macho yakatoka kama ya mtu yeyote. Nikampa, akaikataa.

"Sikuja kuichukua. Ibandike pale, katikati ya maharusi. Wanitazame."

Nikaibandika. Haijakauka vizuri, yule mtoto wa shemeji akafika na wenzake.

"Fundi, ng'oa hiyo takataka."

"Mkono unao. Ing'oe mwenyewe."

Akanyoosha mkono, akaurudisha. Wenzake walishapiga hatua nyuma.

"Kumbe unaogopa karatasi!" nikamwambia kwa sauti ya mnadani. "Sasa shamba lake utalilimaje, wewe?"

Hata wauza ng'ombe waliacha kupatana bei, wakacheka. Akaondoka na kicheko kinamfuata hadi barabarani.

Maharusi walinikimbia msimu ule, wakaenda kwa fundi mwingine. Waende. Picha sikuitoa. Kila mnada bibi alikuja kusimama kando ya ubao, akimtazama usoni kila anayepita, na wengine wakaanza kumwamkia. Pamba ilipokomaa aliivuna mwenyewe, akaipitisha mbele yangu kwenda kupimwa, gunia kichwani.