Tepu Iliyolia Kama Vifaranga

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha kupokea redio Mbeya, miaka ya sabini ikianza, Mkuu wa Kituo alinivalisha hedifoni akasema, "Kijana, hapa kila mlio una mwenyewe. Usiomjua mwenyewe, niletee." Kazi ilikuwa hiyo, kusikiliza na kushuku. Niliiweza upesi mno.

Mwalimu wetu wa kozi, mtu wa kaskazini ya mbali, aliporudi kwao alinitumia tepu kupitia sanduku la posta la kituo, pamoja na karatasi ya tarakimu. Niliipiga nyumbani. Ililia kama vifaranga, ikanyamaza, ikalia tena. Mzee Andulile, balozi wetu wa nyumba kumi, akachungulia mlangoni.

"Ugonile, baba," alinisalimu kwa Kinyakyusa. "Ndege gani hao?"

"Ni mawimbi ya huko juu, mzee."

Akacheka, akaenda zake.

Wiki iliyofuata Mkuu aliniagiza nimpelekee tepu ile. "Tarakimu hizi ni siri ya nani?" Enzi hizo ujasusi haukuwa mzaha, niliiona jela. Nikaeleza kwamba juu kabisa kuna elektroni, chembe ndogo za umeme zenye nguvu nyingi, zilizonaswa na usumaku wa dunia. Mawimbi ya asili yaliyonaswa kwenye tepu yakizitikisa, baadhi huchomoka, hushuka na kugonga hewa, nayo hewa hung'aa.

"Ni kama kupepeta mpunga kule Chimala, Mkuu. Ungo ukitikiswa, makapi yanadondoka. Ukitulia, hayadondoki. Ndiyo maana mbingu ya kwao mwalimu inawaka na kuzima."

Tarakimu zilikuwa sekunde za mwanga huo. Mkuu alishika saa, tukasikiliza. Kila kundi la milio liliangukia sekunde zake. Kazi nikabaki nayo, ila nikahamishiwa Iringa.

Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea; balozi ndiye pekee aliyeisikia tepu ile kwangu. Niliondoka bila kumuaga balozi. Alipofariki nililetewa simu ya maandishi, na sikwenda kumzika.

Nilipostaafu, Mkuu alikuja kwenye sherehe na mkongojo wake. Nikamtania kuhusu yule mzee mchongezi.

"Andulile? Hakuniambia kitu. Kifurushi nilikifungua mimi, kikiwa posta."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza. Ulishajua."

Niliona aibu hata chakula kikanishinda. Kesho yake nilipanda basi kwenda Mbeya. Mjane wa balozi alinikaribisha vizuri, akanimiminia chai.

"Tulikungoja sana msibani," alisema. "Mzee alikuwa akiuliza kama bado unao wale ndege wako."