Mama aliosha maua ya watu kwa sabuni, kisha akaanika majani kwenye ungo

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio kazini na mliojificha chooni na simu.

Asubuhi nimeona mdada humu kapost picha ya maua yanayoning'inia, anauliza kwa nini majani yanadondoka hata kwa kuguswa tu. Nikacheka peke yangu. Hayo maua nayajua vizuri, yaliwahi kunikondesha.

Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu kama barua ya ukoo. Nikaona nifungue uzi wangu.

Sitatia chumvi. Na pale nilipofanya ujinga nitasema ulikuwa ujinga.

Mimi ni Mkongo wa Kivu Kusini, upande wa Fizi. Nilikuwa naishi na mama yangu Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda. Mwaka 2012 nilipata kazi ya bustani Mbarara, eneo la Ruti, kwa mama mmoja mzee wa Kinyankore, nesi mstaafu. Nilimwita Nyabo, ndivyo huku wanavyomheshimu mwanamke. Kiswahili chake alikiokota wodini akiwatibu askari, kwa hiyo kilikuwa na amri nyingi.

Kwenye baraza lake kulikuwa na kopo limening'inizwa, na ndani yake huo mmea.

Wakuu, mimi ni mtu wa kuuliza. Utotoni nilifungua redio ya marehemu baba nione watu wanaoongea wamekaa wapi, na sikuweza kuifunga tena. Sasa huu mmea ulinishinda. Majani yake ni vipunje vinono, vimepangana kuzunguka shina mpaka shina lenyewe halionekani. Mashina yanateremka chini kama mikia badala ya kupanda juu. Yako matano, refu kuliko yote lilinifika kiunoni. Rangi kijani, lakini juu yake kuna weupe, kama umenyunyiziwa unga.

Na haunywi maji! Kikombe kimoja, wiki mbili.

Nilipomuuliza Nyabo, alinijibu, "Yeye nabeba maji yake ndani ya majani. Wewe hapana sumbua yeye."

Basi, Nyabo akapata safari ya Kampala kutibiwa macho, miezi mitatu. Na humo humo mafundi walikuwa wanakuja kubadilisha bati la nyumba nzima.

Akaniita barazani.

"Hii hapana kaa hapa, mafundi naangusha yeye. Peleka kwa mama yako. Hii ni ya dada yangu, na dada yangu kwisha kufa. Unasikia?"

"Nasikia, Nyabo."

Nilisikia kweli. Kitu cha marehemu unakabidhiwa mikononi, si mchezo.

Safari ya Nakivale nilikaa nyuma ya pikapu ya mtu wa mahindi, kopo nimelipakata. Kila shimo la barabarani, majani kadhaa chini. Nilifika na mikia yangu mitano na mfuko wa shati umejaa majani. Nikayamwaga uani.

Mama akaja juu. "Unatupa kitu ya mutu?"

"Mama, yameshadondoka."

"Hata kama ilianguka. Utamurudishia yote, asiseme tulikula."

Akainama akaokota moja moja, akaingia nayo ndani. Sikufuatilia. Nilimpa maelekezo ya kikombe na wiki mbili, nikarudi Mbarara, maana nilikuwa nimepata bustani nyingine Kakoba na kazi zilikuwa zimebana. Sikurudi nyumbani mwezi mzima.

Hapa inabidi mumfahamu mama yangu kidogo.

Kwetu, mgeni akifika hakuangalii usoni kwanza, anaangalia sufuria zako. Mama anazisugua kwa majivu na mchanga mpaka zinaumiza macho, anazipanga kwenye kichanja mbele ya nyumba. Nakivale ina vumbi la kukata tamaa, lakini kichanja cha mama hakikuwahi kuonyesha vumbi. Jumamosi ndiyo siku kuu ya vita hiyo, ili Jumapili tuende ibadani nyumba ikiwa safi.

Sasa mtu kama huyo umempelekea mmea wenye weupe juu ya majani. Wewe unategemea nini?

Mwezi ulipoisha nikarudi, na kitu cha kwanza kuona ni kopo. Lilikuwa linang'aa. Kitu cha pili ni mashina yamebaki uchi, meusi huku chini, yamelainika. Majani machache yaliyobaki yalikuwa ya kijani kikali, hayana weupe hata kidogo, na upande wa jua yameungua madoa ya kahawia.

Nikamwuliza mama amefanya nini.

"Ilikuwa na vumbi mingi," akasema, tena kwa fahari kidogo. "Kila siku ya posho naisafisha na sabuni. Utarudisha kitu ya batu na uchafu? Na maji naipa kila asubuhi, ilikuwa inanihurumisha."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi. Kwa hiyo Jumamosi nne, kitambaa na sabuni, jani kwa jani.

Wakuu, nilimpigia mama yangu kelele. Jirani yetu Mama Furaha alikuwa amekuja kuomba chumvi, amesimama pale pale mlangoni, nami nasema, "Mama, umeua kitu ya mufu! Nitamwambia nini ule mama?"

Mama alifuta mikono kwenye kitenge chake. Kisha akasema taratibu, "Nilikuwa naipa maji yangu."

Ilikuwa kiangazi. Foleni ya bombani unaweka dumu asubuhi unalipata mchana. Alikuwa anapunguza maji yake ya kuoga ili amwagilie mmea wa mtu asiyemjua.

Niliona aibu. Lakini hasira ilikuwa inasukuma kuliko aibu, nikaondoka bila kuomba msamaha. Huo ndio ujinga nilioahidi kuusema.

Nikiwa Mbarara, Nyabo akanipigia simu kutoka Kampala. "Maua yangu iko?"

"Iko salama, Nyabo."

Nikadanganya mchana kweupe. Nikaanza kuzunguka mji mzima natafuta mmea kama ule nibadilishe kimya kimya. Niliuliza kwenye vitalu vya miche, nilichungulia baraza za watu mpaka mbwa mmoja akanifukuza. Hakuna aliyekuwa nao.

Nikaingia internet cafe. Nikaandika nilivyoweza, nikapata picha. Kumbe Wazungu wanauita mkia wa punda. Na ule weupe si vumbi! Mmea wenyewe ndio unautoa, na weupe huo unaukinga na jua na kuuzuia usipoteze maji. Ukishafutwa, jani lile halipati mwingine.

Nilikaa pale muda wangu ukaisha nikiwa bado natazama skrini. Mama alikuwa ameuvua nguo mmea wa watu akauanika juani.

Jumapili iliyofuata nikarudi nyumbani, nimeshajiandaa kumwambia Nyabo ukweli. Nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda, amenigeuzia mgongo. Tangu siku ile alikuwa hajanipigia simu hata mara moja. Nikasalimia, akaitikia kwa mbali.

Nikatoka nje nikakaa. Baada ya muda nikasikia sauti.

"Papa, kuya uone."

Kwetu mama akimpenda mwanawe humwita papa. Sikutegemea kuitwa hivyo siku ile.

Alikuwa ameshusha ungo kutoka juu ya ukuta, chini ya bati, pale anapoweka mbegu za maharage. Kwenye ungo kulikuwa na majani. Yale ya mfukoni mwangu, na kila jani lililowahi kudondoka baada ya hapo, yote aliyaokota. Alikuwa anayatunza ili tuyarudishe kwa mwenyewe yakiwa kamili.

Mengine yalikuwa yamekauka. Lakini mengi, wakuu, yalikuwa yametoa nywele za mizizi rangi ya waridi, na kwenye ncha kichipukizi, mmea mzima mdogo kuliko punje ya mtama.

Bila udongo. Bila tone la maji. Juu ya ukuta kwenye joto la bati!

Nilipiga magoti pale kama mtoto. Nikaanza kuyageuza moja moja, mama akanipiga kofi mkononi. "Ushike muzuri, yataanguka."

"Mama, unisamehe."

"Ushike ungo muzuri," akarudia. Nikaelewa imekwisha.

Kuanzia hapo nikawa mwanasayansi. Jani moja nililifuta nusu ya weupe nikaliweka juani, nusu iliyofutwa ikaungua, nyingine ikabaki. Mengine niliyazamisha kwenye maji, yakaoza ndani ya siku chache. Mengine niliyafukia, nayo yakaoza. Yaliyolala tu juu ya udongo mkavu uliochanganywa na mchanga yakashika. Mama alikuwa ananicheka, eti nahoji maua kama ofisa wa kambi.

Mchungaji wetu alisikia habari, akafanya mahubiri: jani lililong'olewa kwao likachipua ugenini, ni sisi wakimbizi. Watu wakasema amina. Mama akaninong'oneza, "Hii majani haikukimbia vita. Ni miye niliiangusha na kitambaa."

Miezi mitatu ikatimia. Nikasema nitaenda peke yangu. Mama akakataa.

"Ni miye niliosha. Nitasema miye."

Akavaa kitenge chake cha ibada, ungo kaufunika kwa kitambaa cheupe, na lile kopo tupu, limeoshwa, kalibeba ndani ya sufuria yake iliyotoboka. Ruti tulikuta nyumba ina bati jipya na Nyabo amekaa barazani na miwani mipya. Nilianza kujiumauma. Mama akanipita.

"Mama, ni miye niliosha maua yako na sabuni. Ikakufa. Ila majani yenye ilianguka ni hii yote, hatukupoteza hata moja." Akasita. "Yenye huyu mutoto alizamisha kwenye maji, umuulize yeye."

Akafunua ungo.

Nyabo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliinama akatazama vile vichipukizi kwa muda mrefu sana.

"Sabuni?" akauliza.

"Sabuni," mama akasema.

Nyabo akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaongea, safari hii bila zile amri zake.

"Ile maua ya dada yangu kwisha kufa zamani. Mimi naua yeye. Dada nakufa, mimi kila asubuhi napa maua yake maji, napa maji, nalia, napa maji. Naoza yote. Nabaki jani moja chini ya kiti. Hii wewe naosha, natoka kwa ile jani."

Mama alikuwa hajui kufa kwa dada huyo ila kwa maneno yangu. Alimtazama yule mama wa Mbarara, akavuta kigoda akakaa karibu naye.

"Basi tuko bawili," akasema.

Waliupanda ule ungo pamoja mchana ule, nusu kwenye kopo la Nyabo, nusu kwenye ile sufuria ya mama. Mimi nilitumwa mchanga.

Sasa ni miaka mitatu. Mikia ya mama imeshapita dirisha. Kila Jumamosi anafuta kila kitu ndani ya nyumba, akifika kwenye ule mmea anasimama na kitambaa mkononi, naona kabisa vidole vinamwasha, kisha anapita.

Nilichojifunza ni kwamba kuhurumia kitu bila kukiuliza kinataka nini kunaweza kukiua, na kwamba mama akifanya jambo usilolielewa, uliza kwanza ndipo upige kelele. Mimi nilifanya kinyume.

Wajuzi wa mimea humu, bado nina swali: lile jani linajuaje kwamba limedondoka, lianze kutoa mizizi? Na kuna aliyewahi kuuona huu mmea ukitoa ua? Mwageni mnachojua, na wenye mama kama wangu nao waseme.

Na wewe mdada wa ile picha, majani yakidondoka weka ufagio chini. Tafuta ungo.