Bwana Kelele Si Mimi

Tabora nzima inaniita Bwana Kelele, na jina hilo si langu hata kidogo! Ni la yule mzungu mpimaji ardhi. Asubuhi moja kambini aliniambia mimi, nyapara wa wapagazi wake: "Leo mimi taka kelele. Kelele kubwa kabisa!"

Mnyamwezi haambiwi hilo mara mbili. Nikachukua pembe ya misafara ya babu yangu, tukauparamia mlima nyuma yake kwa mikono na magoti, nami napuliza kila tukivuka jabali. Bwana akawa anageuka kunikodolea macho. Nikadhani kelele hazijamtosha, nikazidisha.

Huko juu akanifokea: "Kwa nini piga pembe, mpumbavu?"

"Si umetaka kelele, Bwana?"

Akakanyaga jiwe la juu kabisa. "Ndiyo! Kelele hii hapa! Sasa tumefika kelele!"

Wapagazi wakavunjika mbavu. Mimi nikabaki na pembe mdomoni.