Shamba ya Kukhu

Kila nikifungua pakiti ya unga, ile harufu ya karatasi na mahindi hunirudisha darasani Kitale, tulikofunika madaftari kwa pakiti kama hizo.

Mwalimu alikuwa akifundisha mmomonyoko wa udongo. Mimi nilinakili ubao mzima, kila kichwa nikakipigia mstari mwekundu kwa rula. Msichana niliyekaa naye dawati moja, mgeni kutoka Chwele, alitafuna kalamu tu, mwishowe akaandika maneno machache.

Ubao ukafutwa, madaftari yakafungwa. Mwalimu akauliza nani ataeleza. Akasimama yeye.

"Mvua ikinyesha kwa mrima, mborea yote inaenda kwa mto..."

Darasa likacheka hiyo "mborea," lakini alieleza mpaka mwisho, akapigiwa makofi. Roho iliniuma.

"Kwani uliandika nini?" nikamuuliza.

"Si uone." Akanisukumia daftari: *shamba ya kukhu, mvua, mto.* "Kukhu ni nyanya yangu. Mvua ilibeba viazi zake zote."

Niliyanakili maneno hayo palepale, nikayapigia mstari mwekundu.

Siku ya mtihani, swali la mmomonyoko lilipofika, kilichonijia kichwani ni nyanya wa watu, nisiyemjua, akiokota viazi matopeni.