Bi Nhạn wa Kim Sơn na mlango wa ini

Saa moja asubuhi, wilayani Kim Sơn. Lương Thị Nhạn, mwenye miaka 53, ameketi kando ya fremu ya mkeka, anapitisha mafunjo kwa kijiti, unyasi mmoja mmoja. Mumewe, Bwana Khuê, anayashindilia kwa ubao mzito.

"Baba Quyên, unashindilia au unafukuza nzi?" anamtania mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Kimya, mgonjwa! Mkeka una haraka gani?"

Miaka thelathini ubao huo ulikuwa wa Bi Nhạn. Sasa haruhusiwi kuugusa. Ubavuni mwake umetokeza mpira mwembamba wa kupitisha nyongo, na mikeka miwili kwa siku imekuwa mmoja.

Yalianza maumivu chini ya mbavu, homa ya kutetemeka, kisha macho ya manjano. Mirija ya nyongo ndani ya ini ilijaa mawe. Alipasuliwa mara mbili, yakarudi. Miaka minne mingine ilipotea akinywa majani yaliyosemwa kuwa huyeyusha mawe.

"Na kila siku ya kuwakumbuka wazee wetu waliofariki tulikula samaki mbichi," anasema. "Tulishushia pombe ya mchele, eti inaua minyoo ya samaki, ile inayoingia kwenye ini na kuleta mawe. Kumbe tumelewa sisi, minyoo iko macho!"

Mwezi uliopita daktari mpasuaji, Tạ Hữu Bính, alikata sehemu ya kushoto ya ini, iliyokwisha kusinyaa. Kisha akaunganisha kipande cha utumbo na mrija wa nyongo, ncha yake akaificha chini ya ngozi.

"Huo ni mlango," anaeleza. "Mawe yakirudi, tunaingilia hapo. Hatumpasui tumbo upya."

Lakini upande wa kulia yalibaki mawe. Yasipotoka, mpira hautoki, na ubao atausikia tu.

Alhamisi ya wiki hiyo alilazwa kitandani hospitalini, kamera nyembamba ikapenyezwa kwa njia ya mpira.

"Nilifumba macho. Nikasikia muuguzi anahesabu mawe yanayotolewa: saba, nane, tisa. Halafu hesabu ikakoma. Nikasema, nimekwisha. Daktari akasema, 'Dada, kumesafika.'"

Mpira ukatolewa. Ubao ameambiwa asubiri miezi miwili. Kliniki ni kila baada ya miezi sita.

Kwa sasa ana safari nyingine. Jirani yake, Bi Mận, ameanza kuwa na macho ya manjano, naye anaogopa kisu kuliko kifo.

"Jumatatu tunapanda basi la alfajiri kwenda kwa daktari," anasema Bi Nhạn. "Nimemwambia avae viatu visivyochomoka, maana nitamvuta."