Sanda ya Mtani

Geeta hakuujulia mpira ukubwani. Alizaliwa Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, baba yake muuza kanga, shabiki wa Coastal Union damudamu. Jirani yao, Mzee Soud, alikuwa mtu wa African Sports, tena wa kufa. Coastal wakifungwa, Mzee Soud huja asubuhi na mapema na furushi la shuka jeupe alilolifunga kama maiti, akalilaza kizingitini mwa duka, akaketi chini na kulia, "Ndugu yangu kanitoka!" Baba yake Geeta hutoka akapokea rambirambi, akaagiza kahawa, wakanywa pamoja. Sports wakifungwa, furushi huvuka barabara kwenda upande wa pili. Hakuna aliyenuna. Ndio utani huo, na asiye wako hathubutu kukufanyia.

Akaolewa Kampala na Hemant, fundi saa. Mwaka wa sabini na mbili Wahindi wakafukuzwa Uganda. Geeta alikuwa na pasipoti ya Kiingereza kwa upande wa baba yake. Hemant alikwisha kuomba uraia wa Uganda, na siku ya kukaguliwa karani wa dirishani akaitazama hati yake, akaipasua. Basi mke na binti yao wa miaka mitano wakapandishwa ndege ya London, na mume, mtu asiye na nchi, akachukuliwa na watu wa Umoja wa Mataifa hadi Hispania, bweni la wanaume katika mji wa Vigo.

Geeta akafikia Kenton, pembezoni mwa London, chumba cha juu nyumbani kwa Kanti, binamu ya mumewe. Kazi akaipata udobini, katika hospitali moja. Yeye ambaye Kampala alikuwa na dobi wake, sasa akawa anakunja mashuka ya wagonjwa tangu asubuhi mpaka jioni, na hakumlalamikia mtu.

Humo udobini walikuwamo Wahispania wawili. Ramiro alitoka Vigo, mji uleule wa bweni la Hemant. Benito alitoka Korunya, saa chache tu kwa treni. Miji jirani, timu jirani, na kila mmoja alikuwa na birika lake la chai, asije akanywea la mwenziwe. Ramiro alimwita Benito Mturuki. Benito alimwita Ramiro Mreno, kwa vile Vigo iko karibu na mpaka wa Ureno. Geeta aliposikia hilo la Mreno alicheka hadi akaegemea mashine, maana mtu wa pwani anaujua uzito wa tusi hilo. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza Uingereza. Akajisemea moyoni, kumbe hawa ni watani.

Sasa lililokuwa likimla Geeta ni hili. Ili Hemant aruhusiwe kuingia Uingereza, ofisi ya uhamiaji ilitaka karatasi moja tu: tamko la ndoa, ambalo Hemant alipaswa kulitia sahihi mbele ya mwanasheria, lirudi London kabla ya mwezi wa nne kwisha. Barua mbili zilizoibeba zilipotea njiani. Kisha Hemant akaandika kwamba bweni linafungwa, na wanaume watahamishiwa nchi nyingine wasiyoambiwa ni ipi. Atakayehamishwa, faili lake linaanza upya.

Ramiro alikuwa anakwenda kwao likizo. Ijumaa Geeta akamkabili, akamweleza yote kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Ramiro akaweka mkono kifuani. Dada yake, alisema, anakaa nyuma ya bweni lile. Atamchukua Hemant mwenyewe hadi kwa mwanasheria, na karatasi atairudisha kwa mkono wake. Anaondoka Jumatano. "Jumatatu niletee bahasha, Senyora," akasema.

Geeta alilala siku hizo mbili kama hajapata kulala tangu Kampala.

Jumapili Vigo wakacheza na Korunya, wakafungwa. Jumatatu asubuhi Geeta alimkuta Benito anacheza dansi na ufagio. Hapo akili ya Geeta ikaondoka ikaenda Tanga bila kumuaga. Alitaka kumheshimu Ramiro. Mtu baki humtanii. Unamtania wako, na huyu alikuwa amemwahidi kumrudishia mumewe. Akachukua shuka, akalikunja likawa mwili, akalifunga kitambaa cha samawati, rangi ya timu ya Vigo, akalitia pamba puani. Akalilaza juu ya meza ya Ramiro, bahasha kando yake. Akaketi sakafuni, ncha ya sari kichwani, na Ramiro alipoingia akaanza kulia kilio cha Mzee Soud.

Benito alicheka. Ramiro alisimama mlangoni, uso umemgeuka jivu.

"Nani amekufa?" akauliza.

Geeta akajibu kama ipasavyo kujibiwa kule Tanga. "Wewe."

Ramiro akapiga ishara ya msalaba mara tatu. Hata kicheko cha Benito kilikatika palepale. Ramiro akachukua mti wa ufagio, akaisukuma bahasha mpaka ikaanguka miguuni pa Geeta, pasipo kuigusa.

"Sichukui kitu kilichotoka mkononi mwako," akasema, akaenda kufanya kazi chumba cha pili.

Benito ndiye aliyemfumbua macho wakati wa chai. Kule kwao, alimwambia, wafu hutembea njiani wakiita majina, na msafiri aliyetandikiwa sanda kabla ya safari hafiki aendako. "Mimi mwenyewe nitamwita Mreno mpaka niingie kaburini, Senyora. Lakini kumzika hai, hapana."

Siku ile Geeta alieleza, akaeleza tena. Kila alivyoeleza habari za Tanga, na Mzee Soud, na kahawa, ndivyo alivyozidi kuonekana mchawi. Jumanne alileta kachori, Ramiro hakuzigusa. Benito naye alikwenda kumsemea, akafukuzwa kwa neno moja la Kihispania.

Jumatano akamshika binti yake mkono, akaenda stesheni ya Victoria. Alimkuta Ramiro ameshaweka sanduku ndani ya behewa. Geeta, ambaye hakupata kumpigia magoti hata mama mkwe, akapiga magoti pale, watu wakipita na mizigo yao. Ramiro akamtazama mtoto. Akanyoosha mkono kuelekea bahasha, ukafika nusu, akaurudisha.

"Nikifika salama nitajua hukuniua," akasema. Treni ikaondoka.

Kutoka stesheni Geeta alikwenda posta moja kwa moja, akaituma bahasha kwa njia ya haraka, ya gharama kubwa. Hakuwa na lingine la kufanya. Alikunja mashuka majuma matatu, na jioni binti yake akimuuliza baba anakuja lini, alimjibu ale kwanza.

Ramiro akarudi, mzima. Alimfuata Geeta mezani kwake, kofia mkononi. Alipofika kwao salama, alisema, aibu ilimshika. Asubuhi ya mwisho ya bweni alikwenda huko, basi la kuwahamisha wanaume likiwa tayari linanguruma.

"Nilimwona. Nikamwambia natoka kwa mkeo. Akanyoosha mkono, akaniuliza, karatasi iko wapi." Ramiro akaitazama kofia yake. "Nikampa sigara."

Hemant hakuwa mvutaji. Geeta alitaka kujua jambo moja tu, kama alikuwa na koti. Ramiro akasema hakuwa nalo. Mashuka yalikuwa yamejaa kwenye toroli, na shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja.

"Shika huko," Geeta akamwambia.

Bahasha ilirudi mwezi uliofuata, imegongwa mihuri, haijafunguliwa. Faili likaanza upya. Hemant aliingia London baridi ya mwaka wa sabini na nne, akiwa amekwisha kupitia nchi mbili zaidi, na binti yake akajificha nyuma ya Kanti, akamwita baba yake anko. Geeta alimsimulia yote kabla hajavua viatu: shuka, pamba, kilio. Mtu wa Kampala yule hakuujua utani wa Tanga. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini, kisha akauliza ni timu gani iliyokuwa imeshinda.