Sura kwenye tisheti

Jumapili, marathoni ya kuwachangia wagonjwa wa saratani ilipita mtaani kwetu, Bel-Air. Mwanamke mmoja, nywele zake zikianza kuota upya baada ya matibabu, alikimbia na bakuli la michango mkononi. Tisheti yake ilikuwa na sura ya mwanamke mwingine, akitabasamu.

Kwetu, tisheti yenye sura ni ya msiba. Mzee mmoja akavua kofia, akatoa noti.

“Pole, mama. Kilio iko wapi?”

“Hapana, papa, iko muzima! Tulikuwa naye ku lopitali. Miye nilipona, yeye iko anangoya dawa.”

“Iko muzima? Mungu asifiwe!”

Akafurahi kweli. Akavaa kofia, akarudisha noti mfukoni.

Sisi watu wa mji huu ni wakarimu sana. Mgonjwa anatakiwa tu afe kwanza.